Aya Mbili za Pele

Hapa kijijini kwetu, katika kisiwa cha Savai'i, Samoa, akina baba wa aina ya Uelese wamejaa tele: moyo mwema, mdomo moto. Akipandwa na hasira, haambiliki. Mkewe, Lagimaina, yeye akikununia utatamani bora akutukane yaishe.

Wiki tatu kabla ya Jumapili Nyeupe, ile sikukuu yetu ya watoto, Uelese alimfokea binti yao Pele, wa miaka saba, kwa kumwaga tui la nazi. Lagimaina akamkemea mumewe pale pale, mtoto akisikia. Uelese akaona amevuliwa nguo. Basi, wakanuniana, watu wazima na akili zao.

Jumapili Nyeupe kila mtoto husimama kanisani kusema aya aliyoikariri, na kwa wazazi hakuna mtihani mkubwa kuliko huo. Baba akamfundisha Pele aya ya Bwana ndiye mchungaji wangu, asubuhi shambani wakipalilia taro, yale magimbi yetu. Mama akamfundisha aya ya upendo, jioni akimsuka nywele. Hakuna aliyemuuliza mwenzake. Mtoto naye hakusema kitu. Angemwambia nani, wakati kumkubali mmoja ni kumkana mwingine?

Jumapili ikafika. Pele akasimama mbele na gauni lake jeupe, akaanza na mchungaji, akatumbukia kwenye upendo. Watu wakacheka kidogo, kicheko cha kumpenda tu. Akamtazama baba, midomo ya baba inamsomea yake. Akamtazama mama, naye anamsomea yake. Akanyamaza kabisa.

Uelese akainuka katikati ya kanisa.

"Kaa chini," akasema. "Unatuaibisha."

Kisha yeye mwenyewe akaketi, masikio yanamwaka moto, na hata kabla wimbo haujaanza alikuwa ameshajua ni nani aliyeaibisha watu pale. Laiti ardhi ingepasuka.

Siku hiyo kwetu watoto hula kwanza, na wazazi ndio wanaowahudumia. Uelese akapakua sahani: nguruwe wa kuoka, taro, palusami ya majani ya taro na tui la nazi, kila alichokipenda mtoto. Akainama kumpa. Pele akainua mkono kukinga uso.

Uelese hakuwahi kumpiga hata kofi moja, na alitamani kulisema hilo kwa sauti, shangazi zake Pele waliokaa hapo karibu na kuona wasikie wote. Lakini angemwambia nani na mkono ule uko pale juu? Miaka saba alijiona baba hodari, baba anayejua kulea. Aliona haya hata kushika ile sahani.

Lagimaina akaja akachuchumaa kando yake. Uelese akangoja kusutwa, na alistahili.

"Na mimi nilikuwa namsomea yangu," mkewe akasema polepole.

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake kwa wiki tatu. Uelese akaweka sahani chini.

"Pele, mwanangu, hukukosea wewe," akasema. "Tumekosea sisi. Mimi zaidi."

Pele akashusha mkono. Akawatazama, huyu kisha huyu, kwa uangalifu, kama mtu anayeogopa kukanyaga pabaya.

"Sasa mwakani," akauliza, "nikariri ya nani?"

Wakatazamana. Uelese akaiinua ile sahani, Lagimaina akaishika upande wa pili, wakampa mtoto pamoja, naye alikuwa bado anasubiri kujibiwa.