Mama Hana Tanbihi

Mdogo wangu anasomea sheria, na yeye na wanafunzi wenzake wanatoa jarida la kutetea haki za wanyonge. Yeye ndiye mhariri. Aliponiambia toleo jipya litahusu vumbi la huku kwetu Changamwe, nilizima jiko la viazi karai nikakaa kitako.

"Dada, nieleze habari ya mama. Yote."

Yeye alikuwa mdogo mno wakati ule. Mimi ndimi niliyeacha shule kidato cha pili nimuuguze mama. Nikamweleza: kiwanda cha kusaga mawe nyuma ya ukuta wetu, mama akifunika sufuria kwa leso mbichi na bado wali unatukwaruza meno, makohozi ya kijivu, mpaka akaisha. Alinirekodi kwa simu huku akilia. Nikamfuta machozi. Nilidhani safari hii mama atapata pa kusemwa.

Jarida lilipotoka aliniletea. Nikasoma polepole, kidole juu ya mstari. Mama hayumo.

"Ilikuwa aya nzima," akasema. "Nimeitoa mwenyewe. Kwetu kila sentensi lazima iwe na tanbihi, yale maandishi madogo chini ya ukurasa, yaonyeshe habari imetoka wapi. Mama alitibiwa duka la dawa tu, dada. Hakuna cheti cha daktari, hakuna chochote."

"Nilikuwepo mimi."

"Wewe ni dada yangu. Watasema nimependelea."

"Na hawa je?" Nikamwonyesha mstari unaosema vumbi limedhibitiwa na halidhuru wakazi. Ulikuwa na namba yake, na chini ya ukurasa imetajwa ripoti ya kiwanda chenyewe.

"Hao wameandika. Ni haki nao wasikike."

"Basi mama alikosea. Angekohoa kwa maandishi."

"Dada, wallahi, usiseme hivyo."

"Nisemeje? Niwekee namba kwanza ndiyo niseme?"

Alikunja jarida, akalikunjua. Akasema wenzake wangependa kuja kunishukuru, maana sauti yangu iliwagusa sana walipoisikiliza. Nikamwambia wasije.

Asubuhi nilimfungia viazi vya njiani, akarudi chuoni. Nitamsomesha mpaka amalize, hilo halijabadilika. Ila habari ya mama hataisikia tena kutoka kwangu.