Daftari la Tuulikki

Miaka kumi na tisa Tuulikki alibadilisha nywila za pampu za maji kwa mkono, moja moja, akiziandika kwenye daftari alilolificha nyuma ya kopo la kahawa. Leo, wenzake wakinywa kahawa ya asubuhi, programu aliyoiandika mwenyewe iliingia kwenye hifadhi ya nywila ya mtandaoni, ikabadilisha nywila zote mia mbili kwa nyingine ilizozitunga yenyewe, ikazifungia humo kwa msimbo, ikafuta za zamani. Hakuna pampu iliyosita.

Bosi wake, Jorma, akaja na kalamu. “Haya, nitajie ya pampu kubwa.”

“Siijui.”

“Umeshaisahau?”

“Sijawahi kuijua, wala wewe hutaijua! Weka kalamu, unywe kahawa.”

Jioni aliwasha moto wa sauna, chumba chake cha kuogea mvuke, kwa lile daftari, ukurasa kwa ukurasa.