Siri ya Tumpe Niliitia Kwenye Muvi ya Kijapani

Nimekosa mimi, asitafutwe mwingine! Na pole zenu sizitaki.

Natafsiri muvi kwenye kibanda cha video hapa Kyela. Kidato cha nne nilimaliza, ila Kijapani sijui hata neno. Nashika maiki, nabuni. Watu wanapenda.

Kuna zile muvi za zamani za Kijapani: wanawake wanachaniwa nguo, wanafungwa jela, halafu wanalipa kisasi kwa kisu. Mwigizaji ni yuleyule. Tumemwona tangu kabinti mpaka akawa mkuu wa majambazi, na kila muvi lazima achaniwe gauni kwanza. Jina lake gumu, nikambatiza Tumpe, jina la mtoto wa mama mdogo, aliyekuwa ananilelea mwanangu nikiwa kazini. Mwenyewe alicheka: "Kumbe na mimi ni staa!"

Sasa, Tumpe aliwahi kunipa siri. Mnunuzi wa kakao alimvizia shambani kule Ipyana, akamchania gauni. Aliponea kwa kumng'ata mkono. Aliniambia mimi tu, huku analia.

Jumamosi moja mchana, kibanda kimejaa, yule Mjapani akamng'ata askari jela. Mdomo wangu huu!

"Mnaona? Hivi ndivyo Tumpe wetu wa hapa alivyomng'ata mnunuzi wa kakao kule Ipyana!"

Watu hoi kwa kicheko. "Rudisha nyuma, dada DJ! Rudisha!"

Nikarudisha. Mara mbili! Jamani, mara mbili!

Kesho yake sokoni wanaume wazima wanamgongeshea meno. "Tumpe, usiniume, mimi nauza mchele tu!" Na yule mnunuzi? Anapita na pikipiki yake, anaamkiwa kwa heshima! Hasira hii niipeleke wapi?

Tumpe alinikabidhi mwanangu mlangoni. Hakupiga kelele.

"Dada, yule Mjapani alichaniwa gauni akalipwa. Mimi umenilipa nini?"

Akavukia mpakani Kasumulu, yuko Malawi kwa watu tusiowajua. Simu zangu hapokei.

Siku hizi natafsiri na mtoto mgongoni. Juzi nilimpa yule mwigizaji jina lingine, wakanizomea: "Huyo ni Tumpe!" Mwanangu kusikia jina, akageuza shingo kuangalia mlangoni.

Wewe uliyebebeshwa siri ya mwenzio, wakianza kukupigia makofi, fumba huo mdomo! Wakishacheka wanarudi makwao kula wali. Tumpe ndiye asiyekula kwao.