Mikono Kwenye Usukani

Nianze na jambo ambalo wageni wangu hulijua kabla hata hawajakaa kwenye kochi: ile stashahada iliyotundikwa juu ya televisheni ni yangu. Niliisomea mwenyewe huko Maryland, jioni baada ya kazi, wakati wenzangu wakitazama mpira. Usimamizi wa majengo. Niliingia Amerika nikaosha sahani kwenye mgahawa mmoja wa mtaa wa Shaw, nikatoka nikiwa msimamizi wa jengo zima la ofisi kule Greenbelt, lenye lifti zake na mitambo ya joto ambayo ilikuwa ikigoma kwa kila mtu, ikiniona mimi inawaka. Nyumba hii ya Dodoma niliijenga nikiwa huko huko, kwa simu, na haina ufa. Anayebisha aje aikague.

Lakini leo siandiki habari za nyumba. Naandika habari za siku ambayo binti yangu aliniamuru mbele za watu, nami nikatii.

Shule yake ya sekondari huko Maryland ilikuwa na darasa la uaskari. Si mgambo wala gwaride la sherehe, ni somo kamili lenye mitihani: sheria, upelelezi, namna ya kuhoji shahidi, namna ya kusimamisha gari. Lilikuwa la miaka miwili, na mwaka wa pili ndio wote waliokuwa wakiutamani, kwa sababu wanafunzi walipelekwa kukaa na wapelelezi wa kweli na kuona kazi inavyofanywa. Binti yangu alitaka kuwa mpelelezi tangu akiwa mdogo. Ukificha biskuti nyumbani kwetu, alikuwa anazipata.

Siku ya kwanza alirudi na kanuni za darasa, mzazi na mtoto wazisome na kutia sahihi. Nilizisoma sebuleni kwa sauti, kwa Kiswahili, nikitafsiri papo hapo bila kukwama. Mke wangu, aliyekuwa akifanya kazi ya kuwahudumia wazee, alikuwa akikunja nguo.

“Sare kila Jumatano. Shati liingie ndani, mkanda mweusi, viatu ving’ae.”

“Sawa kabisa,” alisema mke wangu.

“Hakuna simu. Hakuna chingamu.”

“Hiyo waiongeze na huku nyumbani.”

“Anayefika saa ile ile iliyopangwa, amechelewa.”

“Hiyo wawapelekee wale waliotualika harusi ya kule mjini Columbia. Tulikula saa ngapi siku ile? Bibi harusi mwenyewe alifika amesinzia.”

“Mwanafunzi atamtazama mtu machoni anapozungumza naye, na atatoa amri kwa sauti thabiti, bila kujali umri wala cheo cha anayeamriwa.”

Mke wangu aliacha kukunja. “Umri wa nani?”

“Wa yeyote.”

“Hata wewe?”

“Yeyote ni yeyote, mama.”

“Hiyo si kanuni, baba. Hiyo ni laana wameipigia chapa.”

Binti alikuwa amesimama pembeni akisubiri sahihi. Watoto wa huko husikia Kiswahili chote halafu hujibu kwa Kiingereza, na wa kwetu alikuwa hivyo hivyo. Maneno yake nayaandika kwa Kiswahili ili sote tuelewane. “Baba, tia sahihi tu,” alisema. “Hakuna atakayeniomba niwaamrishe ninyi.”

Nikatia. Nina sahihi nzuri.

Mambo mengine yote ya darasa hilo hayakumpa shida, na sifa ni zangu. Mimi ni mtu wa shule ya bweni. Shati nililompigia pasi lilikuwa na mkunjo wa kuweza kukata limao, na viatu nilimfundisha kuvisugua kwa kitambaa chenye unyevu mpaka ajione meno. Mwalimu wao, askari mstaafu, pande la mtu lenye masharubu na maneno machache, aliwaambia wanafunzi wengine wamtazame binti yangu ndipo wajitazame. Hilo lilinifikia na nikalifikisha kanisani.

Shida ilikuwa ile kanuni moja. Tulimlea asimkodolee mkubwa macho. Akisemeshwa na mtu mzima, anainamisha uso, anajibu kwa upole, basi. Sasa wakiwa kwenye mazoezi, akicheza askari na mwalimu akicheza mtuhumiwa, binti yangu alikuwa akitazama vifungo vya shati la mwalimu na kusema kwa sauti ya mtu aliye maktaba, “Samahani, bwana, tafadhali, ungeweza kuweka mikono mahali ninapoiona?” Mwalimu akawa anamuuliza kama anamkamata au anamkaribisha chai.

Akaonywa mara ya kwanza. Akaonywa tena. Kisha mwalimu akatuita na kutueleza waziwazi: mtihani wa kusimamisha gari ulikuwa unakuja. Akiupita, anaingia mwaka wa pili. Akinong’ona tena, nafasi yake itakwenda kwa mwingine. Binti hakulia pale. Alilia garini, kimya kimya, akitazama dirishani, nami nikajua kazi hii imefika kwa mtu wake.

Jioni ile ile nilifungua chuo sebuleni. Niliketi kwenye kiti cha kulia nikashika sinia kama usukani.

“Niamuru,” nikamwambia.

“Siwezi. Nacheka.”

“Mimi ni jambazi.”

“Wewe umevaa kandambili, baba.”

Mke wangu alitokea jikoni na mwiko. “Mnanifundishia mtoto kiburi ndani ya nyumba yangu. Leo anakuamuru wewe, kesho ananituma mimi dukani.”

Tulijadiliana sana, maana mke wangu naye hashindwi kirahisi. Mwishowe niliamua, na naona hata majaji wangeamua vivyo hivyo: akiwa ndani ya sare, ruhusa kututazama machoni na kusema kwa sauti, akiivua, shikamoo zake na adabu zake kama kawaida. Mke wangu alikubali kwa sharti kwamba sare isivaliwe mezani.

Nilidhani nimemaliza. Jumamosi moja narudi kutoka kazini, namkuta binti amesimama katikati ya jikoni, amevaa sare kamili mpaka mkanda, na bakuli tupu mkononi.

“Bwana,” akaniambia, macho kwa macho, “jana usiku bakuli hili lilikuwa na kuku. Ulikuwa wapi?”

“Kazini.”

“Kabla ya kazi.”

“Muulize mama yako.”

“Mama ameshahojiwa. Ameachiwa.”

Nilikiri, maana ushahidi ulikuwa mzito, mfupa ulikutwa kwenye gari langu. Lakini hata pale, macho yakiwa yamekaa sawa, sauti bado ilikuwa ya maktaba. Nikaanza kuogopa.

Siku ya mtihani uwanja wa kuegesha magari wa shule ulifungwa. Wazazi tulioombwa tulikuwa madereva, kila mmoja na gari lake, na wanafunzi walikuwa na gari kuukuu la doria lenye taa za buluu zinazofanya kazi. Nilivaa suti. Mwalimu alitupa maelekezo machache: zunguka uwanja polepole, ukiona taa egesha, baki garini, fanya utakaloambiwa na si zaidi. Nilitikisa kichwa kwa niaba ya wote. Mzazi mmoja Mkongomani aliyekuwa nyuma yangu aliniuliza, “Papa, weye ulishaka simamishwa na polisi huku?”

“Mimi?” nikamwambia. “Miaka yote niliyoendesha barabara za hapa, sijasimamishwa hata mara moja.”

Ni kweli tupu, na ninajivunia. Ila naomba msomaji alishike neno hilo.

Kwa kawaida mtoto hakupangiwa mzazi wake. Lakini mzazi mmoja alishikwa na kazi hakuja, orodha ikavurugika, na ilipofika zamu ya binti yangu gari pekee lisilopangiwa mwanafunzi mwingine lilikuwa langu. Mwalimu alimuuliza kama anataka kungoja siku nyingine. Akasema hapana. Mwalimu akasema vizuri, maana barabarani askari hachagui dereva.

Nikaondoka. Nikazunguka kwa mwendo wa maharusi. Taa za buluu zikawaka nyuma yangu, nikaonyesha ishara, nikaegesha sambamba na mstari kiasi kwamba ungepitisha rula. Mpaka hapo nilikuwa dereva bora wa siku ile.

Sasa, mtu ambaye hajawahi kusimamishwa Amerika, mwili wake unajua kusimamishwa kwa wapi? Kwetu. Na kwetu, ukisimamishwa na trafiki, huketi kama mfalme ukimngoja aje dirishani kwako. Huo ni ujeuri. Unashuka, unafunga kifungo cha koti, unamfuata alipo na tabasamu na leseni mkononi, unamwamkia hata kama ni mtoto wa juzi, unamuuliza habari za jua. Ndivyo nilivyofundishwa na kila dereva aliyenitangulia. Maelekezo ya mwalimu yalikuwa kichwani, miguu haikuyapata.

Nikafungua mlango, nikashuka, nikaingiza mkono ndani ya koti kutafuta leseni, nikamwendea binti yangu nikitabasamu.

“Shikamoo, afande!” nikasema. “Habari za kazi?”

Nyuma nikamsikia yule Mkongomani akinisihi nirudi garini, “Papa! Papa, rudia!” Mzazi mwingine alijifunika uso. Mwalimu aliinua kiganja, yaani mtu asiingilie, huu ni mtihani.

Binti yangu alikuwa amesimama kando ya lile gari la doria. Baba yake mzazi alikuwa amemwamkia. Niliiona midomo yake ikianza kutafuta jibu, na nikaona macho yakianza kushuka, kutoka kwenye uso wangu kuja kwenye tai, kutoka kwenye tai kwenda kwenye vifungo. Nikasema moyoni, basi, mwaka wa pili umekwenda, na nimeupeleka mimi kwa miguu yangu. Nikapiga hatua nyingine mbele ili niombe radhi.

Macho yakapanda.

“Simama hapo hapo!” Kwa Kiswahili. “Toa mkono kwenye koti! Polepole! Rudi ndani ya gari! Mikono kwenye usukani, niione!”

Sauti ile niliijua. Ilikuwa ya mama yake anapoona mtu amepanda zulia na viatu. Sikumbuki nilivyorudi. Nakumbuka niko kwenye kiti, mlango umefungwa, vidole kumi vimeng’ang’ania usukani. Na nilipotazama kwenye kioo, wale wazazi wengine waliokuwa wakingoja zamu, ambao hata Kiswahili hawakijui, nao walikuwa wameweka mikono kwenye usukani.

Alikuja dirishani. Akajitambulisha, akaeleza, kama mtihani ulivyopangwa, kwamba taa yangu ya nyuma haiwaki, akaomba leseni, akinitazama machoni muda wote.

“Afande,” nikanong’ona, “mimi na wewe si watu wa kushindwana.”

“Leseni, bwana.”

Nikampa.

Alipomaliza, mwalimu alimwita, nami nikashusha kioo kusikia. Alimuuliza ile ilikuwa lugha gani. Kiswahili, alijibu. Na kwa nini hakutumia Kiingereza?

“Kanuni inasema amri itolewe kwa namna ambayo dereva ataielewa, bwana.”

Mwalimu aligeuka akanitazama. Nilikuwa bado nimeshika usukani, maana hakuna aliyekuwa ameniambia niachie.

“Ameielewa,” alisema, akaandika. Kisha akanijia na kuniambia kwamba katika miaka yake ya kufundisha hapajatokea mzazi aliyempa mwanafunzi mtihani mgumu namna ile. Nilimshukuru. Sikuona haja ya kuongeza neno.

Nyumbani binti aliingia chumbani, akavua sare, akaitundika. Akatoka na fulana na kanga kiunoni, akapiga goti kidogo, macho chini.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba.”

“Umemwamkia mwanao hadharani,” mke wangu aliniambia. “Hii habari itafika kwenu Singida kabla hatujala.” Ilifika.

Binti aliingia mwaka wa pili. Sasa mimi nimerudi nyumbani, naye yuko huko huko Amerika, kwenye kazi aliyoitaka. Mwezi uliopita nilikuwa natoka sokoni hapa Dodoma, trafiki mmoja kijana akanipungia mkono nisimame. Nikaegesha sambamba na ukingo. Nikaweka mikono kwenye usukani. Yeye akabaki kivulini akiningoja nishuke. Mimi nikabaki garini nikimngoja aje. Tulingojana hivyo mpaka magari mengine mawili yakasimamishwa, madereva wakashuka, wakaamkiana naye, wakaondoka. Mwishowe akaja mwenyewe, akainama dirishani, akaangalia vidole vyangu.

“Mzee, unaumwa?”

“Mzima kabisa.”

“Mbona hushuki?”

“Nimekatazwa.”

“Na nani?”

“Na binti yangu. Ni askari kama wewe, ila yeye anapiga kelele.”

Alinitazama, akatazama tena vidole, akarudi nyuma hatua moja na kuweka kofia sawa.

“Shikamoo, mzee,” akasema.

“Marahaba,” nikajibu, bila kuachia usukani.