Baiskeli ya Oluoch Yazuiliwa Getini

Mzee Jacktone Oluoch wa mtaa wa Langas, Eldoret, si mtu wa kubishana, lakini ukimgusia baiskeli yake ndipo utamjua. Ameiendesha hiyo moja tangu kiwanda cha nguo kilipomwachisha kazi, na ndiyo anayobebea mikate kutoka bekari ya mjini hadi dukani kwa Kabura, kila siku kabla ya saa kumi jioni. Miaka ishirini na saba sasa. Wiki iliyopita mvua ilimchelewesha, na Kabura, mama asiye na maneno mengi, akamwambia, "Mzee, ukichelewa tena hii kazi nitapatia kijana wa pikipiki. Watu wangu wananunua mkate wakitoka kazini, si usiku." Mtu wa miaka sitini na minane kazi nyingine angeitoa wapi?

Sasa Alhamisi iliyofuata asubuhi alikuwa na nafasi, maana mikate hutoka kwenye tanuri saa nane. Kanisani walikuwa wameyasifu sana makumbusho mapya ya usafiri yaliyofunguliwa katika godauni la zamani karibu na reli. Ati ndani kuna treni nzima, na unaruhusiwa kukaa. Oluoch aliletwa Eldoret na treni. Alipandia Bungoma akiwa na sanduku la mbao na ndevu tatu, na tangu treni za abiria ziache kupita alikuwa na hamu ya kuikalia tena. Mkewe, Mama Awuor, alimcheka.

"Wenzako wote walienda na magari. Wewe utafika huko na hii?"

"Miguu yangu haijaomba likizo," akasema, akapanda baiskeli akaenda zake.

Askari wa zamu ya asubuhi getini pa makumbusho alikuwa mtu mpole, lakini alimtazama mgeni wake akakosa la kufanya. Mistari ya kuegesha ilikuwa imechorewa magari, na kitabu cha getini kilitaka namba ya gari, si kingine. Akakuna kichwa weee. "Mzee, hapa nje itaibiwa," akasema mwishowe. "Ingia nayo tu. Iegemeze mahali haisumbui mtu." Oluoch akazunguka nayo humo ndani mpaka ukuta wa nyuma, akakuta baiskeli nyingine mbili zimeegemezwa. Akajua basi hapo ndipo pa baiskeli. Hata wewe ungejua hivyo.

Kisha akaenda kwenye treni yake. Alikaa kwenye benchi la daraja la tatu, upande wa dirisha, akaupapasa ubao kwa kiganja. Alimkumbuka mama yake akimpitishia mahindi ya kuchoma dirishani, akimwambia asishuke kituo kisicho chake. Mama alikufa kabla hajaiona Eldoret hata siku moja. Oluoch alilia kidogo, kilio cha mtu mzima kisicho na sauti, na akajisikia vizuri. Alipotazama saa ilikuwa saa nane kasorobo.

Akaikimbilia baiskeli. Kwenye usukani palikuwa pamefungwa kadi nyeupe kwa uzi: *Namba 43. Baiskeli ya mizigo. Mwenyewe hajulikani. Usiguse.*

Alicheka. Akaisoma tena, kicheko kikaisha. Akaisukuma upesi hadi getini, na huko yule askari mpole alikuwa ameshatoka zamu. Aliyesimama hapo aliitwa Kiptoo, kijana mrefu, buti zake zimeng'arishwa.

"Mzee, rudisha hiyo."

"Hii ni yangu."

"Yako na iko na kadi yetu?" Kiptoo akaikamata keria. "Na vile wewe ni mtu mzima. Kama unataka vyuma, enda kwa mafundi wa jua kali."

Oluoch aliona haya hadi masikio yakamwaka. Watu wawili waliokuwa wakiingia walisimama kutazama. "Nilikuja nayo asubuhi. Uliza mwenzako."

"Mwenzangu simu yake imezima. Na kitabu hakina baiskeli." Kiptoo hakuwa mtu mbaya, tuseme ukweli. Aliichunguza ile baiskeli kuanzia kengele hadi breki za vyuma, kisha akauliza kwa upole, bila dharau yoyote, "Sasa mzee, siku hizi ni nani bado anafanya kazi na kitu kama hii?"

Hilo ndilo lililomuuma Oluoch, kuliko kuitwa mwizi. Saa nane ilifika wakiwa hapo. Mikate ilikuwa inatoka, na Oluoch alimwona waziwazi kichwani mwake yule kijana wa pikipiki akiwasha mashine mbele ya duka la Kabura.

Msimamizi wa vifaa, Nyaguthii, alifika na orodha yake mkononi. Ndiye aliyeshinda asubuhi nzima akifunga kadi. "Kiptoo, hiyo ni ya arobaini na tatu," akasema.

"Madam," Oluoch akamwambia, "finya tairi."

Nyaguthii akainama, akafinya. Tairi lilikuwa limejaa upepo, gumu. Zile mbili za ukutani hazikuwa na upepo tangu ziletwe. Akagusa mnyororo, kidole kikatoka na oili mbichi.

"Nisamehe, mzee," akasema, na sauti yake ilikuwa chini. "Nilikuta imesimama na zingine, nikaandika tu." Akatoa kalamu ili aifute kwenye orodha.

"Usikate," Oluoch akasema. "Umeandika mwenyewe hajulikani. Andika vizuri."

"Lakini si unaenda nayo?"

"Naenda nayo. Andika."

Nyaguthii aliifungua kadi, akaiweka juu ya kiti cha baiskeli, akaandika kila alichoambiwa. Kiptoo alifungua geti lote, mabawa yote mawili, kama wanavyofungulia lori.

Mikate ilifika kwa Kabura saa kumi kasoro dakika tano. Kabura aliipokea, akaipanga.

Na ukienda makumbusho leo, pale ukutani kando ya zile baiskeli mbili kuna nafasi tupu, na kadi imetundikwa juu yake: *Namba 43. Baiskeli ya mizigo. Mwenyewe ni Jacktone Oluoch wa Langas. Iko kazini.*