Mwimbaji Aitwaye Ninyie

Lile kontena mimi nililitaka. Nilikuwa nimeshachagua hata ukuta wa kuweka rafu mpya. Maktaba yetu iko upande wa Makueni, si mbali na Matiliku, na wakati huo ilikuwa na nafasi nyingi kuliko vitabu. Maktaba moja kubwa ya ng'ambo ikaandika kwamba iko tayari kutupa vitabu bure, kontena zima, mpaka mlangoni. Bosi wangu, ambaye sote tulimwita Madam, alisoma majina ya vitabu hivyo polepole, akavua miwani, kisha akaandika jibu la heshima la kukataa. Nilimnunia wiki nzima.

"Madam, si tungechukua tu," nilimwambia. "Zile mbaya tunaweka kando, zile poa tunabaki nazo."

"Umeona hii hapa? Jinsi ya kutengeneza mashine ya kuzoa theluji. Hiyo theluji utaitoa wapi, Matiliku?"

"Kuna watu huenda majuu, Madam."

"Wacha wafunzwe huko wakifika."

Halafu akanieleza, kwa ile sauti yake ya chini ambayo humlazimu mtu kusogea karibu. Kwetu Ukambani tuna mwethya. Majirani hukusanyika kuchimba matuta ya kuzuia udongo, leo shambani kwa huyu, kesho kwa yule, na kila mtu huja na jembe lake. "Hawa hawajatuita mwethya," akasema. "Wanafagia nyumba yao, wanataka kumwaga taka kwetu. Mimi nataka siku moja tuitwe, na tuende na jembe letu."

"Na jembe letu ni gani?"

"Bado sijajua. Lakini tuko nalo."

Nilidhani ni maneno ya kunituliza. Sikuwa nimemjua vizuri.

Madam alikuwa mtu wa kimya. Ndani ya maktaba hakuruhusu sauti, na hakubagua. Siku moja diwani wetu aliingia akiongea na simu kama yuko kwenye mkutano wa hadhara, na Madam akamwendea, akamwekea kidole mdomoni mwake yeye mwenyewe, yaani mdomoni mwa diwani. Nilijificha nyuma ya rafu ya jiografia kwa aibu. Diwani alitoka nje akamalizia simu yake juani.

Lakini mwanamke huyo huyo wa kimya aliongea na dunia nzima. Alianza na majirani. Kitabu kikitakiwa Tseikuru, kule mwisho wa Kitui ambako barabara hukata tamaa, alikifunga kwenye gunia na kumpa mfanyabiashara mmoja wa mbuzi, Mwislamu wa kutoka kaskazini mashariki, ambaye lori lake lilipitia huko likirudi tupu baada ya soko. Vitabu vilirudi vikinuka beberu. Kimoja kilichelewa sana, na tulipouliza, yule mfanyabiashara akasema bila haya kwamba alikuwa bado hajakimaliza. Madam alifurahi utadhani amepandishwa cheo. Akamwandikia kadi ya uanachama siku hiyo hiyo.

Kutoka Tseikuru akavuka mipaka. Aliandikiana na wakutubi wa nchi ambazo mimi nilizijua kwa mpira tu. Mkulima akitaka maandishi kuhusu mdudu fulani wa maembe, na hapa nchini hayapo, Madam alijua ni nani wa kumwomba na kwa lugha gani ya adabu. Na kila alipoomba, alitoa. Wale wa nje wakiuliza kuhusu picha ya zamani ya soko la kwetu, alikwenda mwenyewe kuuliza wazee ni soko lipi, kisha akawajibu. Mtandao wetu ulikuwa wa kubembeleza. Mvua ikinyesha unapotea. Alihamisha meza yake mpaka kona ya dirisha la mashariki, mahali pekee paliposhika vizuri, na hapo jua la asubuhi lilimchoma usoni kila siku. Nilipomwambia aweke pazia, alisema pazia litapunguza mtandao. Mambo ya kompyuta hayakuwa hivyo, lakini sikuthubutu kumsahihisha.

Sasa nifike kwa mama wa Ikutha.

Alikuja asubuhi ya siku ya soko, mwanamke mzee mwenye kitambaa cha kanisa kichwani, na aliongea kwa sauti kubwa sana. Nilimwonyesha ishara ya kunyamaza. Akaniuliza kwa sauti kubwa zaidi kama nina ugonjwa wa kidole. Kumbe hasikii. Sikio moja lilikuwa limekufa kabisa, na daktari alikuwa amemwambia la pili linafuata.

Madam alimtoa nje, wakaketi kwenye kibaraza, na mimi nikapeleka chai. Mama alieleza haja yake. Alipokuwa mtoto mdogo, mzungu mmoja alipita Ikutha na mashine ya kunasa sauti, akamnasa mama yake akiimba huku anasaga. Mama yake alifariki muda mfupi baadaye. Uso wake alikuwa ameusahau, kwa maana picha haikuwapo, na sauti pia ilikuwa imemtoka. Alichobaki nacho ni kujua tu kwamba mahali fulani duniani iko.

"Mimi sitaki pesa ya hiyo wimbo," akasema. "Nataka kumsikia mara moja, kabla hii sikio haijafunga. Kwa kanisa wameniambia wewe unajua watu wa nje."

Madam akamshika mkono. "Mwaitu," akasema, yaani mama yangu, "nitatafuta."

Nilimhurumia yule mama, lakini moyoni nilisema hapo Madam ameahidi mbingu. Mzungu gani? Nchi gani? Hata mwaka haukujulikana. Madam hakuonekana kuona ugumu wowote. Aliandika kwa mkutubi mmoja aliyemjua, huyo akamwelekeza kwa mwingine, na wa tatu akawa na binamu aliyefanya kazi katika hifadhi ya sauti. Wengine hawakujibu. Mmoja alijibu kwamba kanda za aina hiyo ni za watafiti pekee. Madam akamwandikia tena, bila ukali hata chembe, kumwuliza hao watafiti walikuwa wamepata nini. Ningekuwa mimi ningemtukana.

Miezi ikapita. Mama wa Ikutha alituma salamu kupitia watu wa kanisa, na kila salamu ilisema sikio linapungua.

Ndipo ikaja barua pepe kutoka kwa mkutubi wa nchi moja ya baridi, mwanamke mchangamfu ambaye baadaye tulimzoea kwenye skrini akiwa amejifunga skafu ndani ya nyumba. Alisema maulizo yetu yamemfikia, kwamba wanazo kanda nyingi za nyimbo za Kikamba na wangependa msaada wetu. Walikuwa wamegundua msanii mkubwa ambaye dunia haijamjua. Aliimba kilimo, kusaga, harusi, kubembeleza watoto. Alisafiri sana, kwa sababu alinaswa Tseikuru, akanaswa Matiliku, akanaswa na Ikutha. Sauti yake ilibadilika mno kutoka mahali hadi mahali, jambo walilolistaajabia. Je, tungeweza kuwasaidia kuipata familia ya mwimbaji huyu, aitwaye Ninyie?

Mimi nilicheka mpaka nikalaza kichwa mezani. Kwa asiyejua Kikamba, ninyie maana yake ni "ni mimi". Nilimwona yule mzungu kabisa, anauliza kupitia mkalimani ni nani anayeimba, na mama wa watu, jasho usoni, anashangaa swali gani hilo na yeye yuko mbele yake. Ni mimi! Mzungu anaandika.

Madam pia alicheka, mabega yakimtetemeka bila sauti. Kisha akaacha kucheka.

"Hao ni wanawake wengi," akasema. "Na hakuna mtu aliwauliza mara ya pili."

Akaisoma barua ile tena. Aliponigeukia uso wake ulikuwa umebadilika, na niliona furaha ambayo sikuwahi kuiona hata siku ya kadi ya mwuza mbuzi.

"Hilo ndilo jembe letu," akasema.

Aliwaandikia watu wa ng'ambo, na hakukuwa na neno la kuwaaibisha katika barua ile. Aliwaeleza maana ya ninyie. Akawaambia: tumeni nakala za sauti, sisi tutawasikilizisha watu wa mahali zilikonaswa, na tutawapa majina ya kweli, maneno ya nyimbo na maana yake. Nakala zibaki pia kwetu, na familia zipewe zao. Mkuu wa hifadhi ile alisitasita, akataka kujua sisi ni nani hasa. Mwanamke wa skafu akatupigania huko kwao. Hatimaye wakakubali, na nasema hivi kwa fahari: tulikuwa tumeitwa mwethya.

Madam alianza na kanda za Ikutha. Hakuwa na subira ya kufuata mpangilio, sikio la mtu lilikuwa linafunga. Tuliwaita akina mama wazee wachache wa huko, na yule mama wetu akaja na blanketi, akasema hataondoka mpaka asikie. Mwanamke wa skafu alikuwa kwenye skrini, kalamu mkononi. Tulimvisha mama hedifoni, nikaongeza sauti mpaka mwisho, na wenzake wakasikiliza kwa spika ndogo.

Kanda ya kwanza, akatikisa kichwa. Jirani yake akaitambua ni ya shangazi yake, akataja jina, Madam akaandika. Ya pili, akatikisa kichwa tena. Nilianza kuogopa kwamba labda anasikia upepo tu.

Ya tatu ilianza kwa mlio wa jiwe juu ya jiwe. Sauti ya mwanamke ikaingia juu yake, nzito, bila haraka, na kila alipomaliza mstari, sauti ndogo ya mtoto ilimwitikia, wakati mwingine mahali pasipofaa. Katikati ya wimbo mwanamke akakatiza na kugomba: toa mkono hapo, jiwe litakusaga! Mtoto akacheka. Wimbo ukaendelea.

Mama wa Ikutha hakutikisa kichwa. Alikuwa ameinua mkono wake wa kulia na kuutazama, kidole cha shahada, ambacho kucha yake iliota kombo. Machozi yalimtoka, naye hakuyafuta. Wimbo ulipokwisha tukasikia mwanamume akiuliza kwa Kikamba cha mkalimani ni nani anayeimba, na yule mwanamke, kwa kicheko, akajibu: "Ninyie."

"Ni yeye," mama akasema. "Ni mama."

Madam alimwomba jina. Akalitaja, jina la mama yake alilozaliwa nalo, ambalo pengine halikuwa limetamkwa tangu mazishi. Mwanamke wa skafu aliomba atajiwe tena herufi kwa herufi, akalifuta lile la zamani palepale, tukimwona. Mimi hapo nililia, sitaficha.

Kisha mwanamke wa skafu akasema kuna jambo moja. Kwenye kumbukumbu zao palikuwa pameandikwa tu "mtoto, hajulikani". Je, mtoto alikuwa nani?

Madam akasogeza hedifoni kando, akainama kwenye lile sikio lililobaki, akauliza polepole, "Mwaitu, na mtoto anayeitikia ni nani?"

Mama akamtazama kana kwamba swali hilo ni la ajabu, na yeye yuko mbele yake. Akacheka, kicheko kile kile tulichokuwa tumekisikia sasa hivi.

"Ninyie," akasema.

Kalamu ya Madam ilisimama hewani. Kisha akainama tena, akauliza mara ya pili.

"Wewe nani, mama? Sema jina lako lote, waandike."

Mama akavua hedifoni. Akajiweka sawa kitini, na kwa sauti ile kubwa ya mtu asiyeisikia sauti yake mwenyewe, akasema jina lake lote, la ubatizo, la kwao na la mama yake, mpaka wanafunzi waliokuwa wakisoma kule mwisho wakainua vichwa. Akalisema tena, kwa sauti ya juu zaidi. Nilimgeukia Madam. Hakumwekea kidole mdomoni.