Kamera ya Hamisi Imenifukuzia Wenzangu

Hamisi mwanangu, huna haya hata chembe!

Nakusema hapa mtandaoni mbele ya watu, usome.

Leo asubuhi umenitumia fundi kutoka Ukunda aweke kamera, eti kwa ajili ya wezi wa mbuzi. Nikasema sawa, iangalie zizi.

Akaibandika chini ya paa la uani, jicho limetokeza kama la samaki. Akaiunganisha na intaneti. "Bibi, hii huona pande zote." Nikadhani anaisifia kazi yake tu.

Baada ya adhuhuri wenzangu wakaja kusukana, kama kawaida yetu. Vichwa wazi, kanga kifuani. Mishi, mke wa jirani, ananyonyesha.

Mara sauti ya mwanamume ikatoka juu:

"Shikamoo Mama! Leo mmejaa! Naona uani kote!"

Kumbe ni wewe unasemea ndani ya kamera, uko kazini Diani, simu mkononi!

Lahaula! Wanawake wa watu wakarukia mabuibui. Mishi akatoka analia. Bi Mwanasha kaondoka nusu kichwa kimesukwa, nusu kimetimka. Akaniambia, "Kwako sirudi tena, Bi Riziki."

Tangu babako afe, hao ndio wanaonifanya nisiongee na kuta. Sasa mkeka umetandikwa, hakuna wa kuukalia.

Nyinyi mnaosoma, nimekosea kumkaripia?

Hamisi, panda tuktuk sasa hivi. Ing'oe kwa mkono wako, ufute kila ilichokiona. Kisha nenda kwa Mishi, upige hodi, uombe radhi ukiwa nje ya mlango.